MZEE MAJUTO ALITUCHEKESHA: TULIMLIPA HAKI YAKE AU TULIMPA SADAKA?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na ninyi majirani zetu msio Waislamu mnaosoma darsa hizi, leo tuzungumze juu ya mtu ambaye karibu wote mnamjua. Najua wapo watakaoshangaa imamu anaingia vipi kwenye habari za waigizaji. Nawaomba msome mpaka mwisho. Habari hii inatuhusu sisi wa Itaka, mashambani kwetu na majumbani kwetu, pengine kuliko inavyowahusu watu wa Dar es Salaam.

MTU MWENYEWE NI NANI

Jina lake ni Amri Athumani. Wengi tulimjua kwa jina la Mzee Majuto, na baadaye King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani akiwa mtoto mdogo, kabla nchi hii haijapata uhuru. Video zilipoingia nchini, yeye akawa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo kuuza kazi zao kwenye kanda za VHS. Kanda zikaondoka, zikaja CD na DVD, naye bado yupo. Zikaja televisheni na filamu za Kibongo, yupo. Yakaja matangazo ya biashara, sura yake ikawa kila mahali.

Hesabuni wenyewe. Mtu aliyeanza kazi utotoni akaifanya mpaka anafika miaka 70, hiyo ni kazi ya karibu miaka 60. Hapa kwetu mtu akifanya kazi moja miaka 30 tunamwita mzee wa kazi hiyo.

Alifariki Jumatano, tarehe 8 Agosti 2018, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Ilikuwa siku ya Nane Nane, wakulima wa nyanda zetu hizi wengi wakiwa Mbeya kwenye maonyesho. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun.

Kabla ya hapo, mwaka ule wa 2018, nchi nzima ilifuatilia ugonjwa wake. Alipelekwa India kutibiwa, akarudi, akalazwa tena. Watu wakachanga, wakubwa kwa wadogo. Ni jambo jema, na Allah awalipe waliochanga. Lakini hapo ndipo watu walipoanza kuulizana: inakuwaje mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo, ambaye kazi yake imeuzwa katika kila soko la nchi hii, akiugua achangiwe?

Likaibuka suala la mikataba. Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye ni jirani yetu wa Kyela, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Mzee Majuto ikiwemo, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi kwamba wasanii wanatia saini karatasi zinazowanyonya. Mzee akafariki mwaka huo huo.

HAKI SI SADAKA

Hapa ndipo lilipo somo la leo, na naomba mlishike vizuri.

Katika dini yetu kuna haki na kuna sadaka. Haki ni kile mtu anachokudai. Ukimpa, hujamfanyia hisani, umetua mzigo uliokuwa shingoni mwako. Sadaka ni ziada unayoitoa kwa kutaka radhi za Allah, huku hudaiwi. Mtu hawezi kuzuia haki ya mwenzake akiwa mzima, kisha akamletea sehemu ya haki hiyo hiyo akiwa kitandani na kuiita sadaka.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama zaka. Wanazuoni wamelieleza wazi: tajiri hawezi kuchukua mshahara anaodaiwa na mfanyakazi wake, akamlipa, halafu akauandika kwamba ametoa zaka. Hata kama mfanyakazi huyo ni maskini anayestahiki zaka. Mshahara ni deni, na deni halilipwi kwa zaka ya mwenye kudaiwa.

Basi pale nchi ilipochangia matibabu ya Mzee Majuto, kila mmoja alipaswa kujiuliza: hiki ninachotoa ni sadaka yangu kwake, au ni sehemu ndogo ya deni lake kwangu? Mwenye banda aliyekuwa akionyesha kanda zake kwa kiingilio, bila kumlipa chochote, alitoa sadaka au alirudisha deni? Mfanyabiashara aliyechukua kanda moja halali akazaa kanda 200 za haramu usiku mmoja, je? Na mwenye kumsainisha mzee karatasi ya kurasa kumi bila kumsomea?

MASWALI YA VIJANA WETU

Kijana mmoja wa huku kwetu Mbozi, ambaye kazi yake ni kujaza nyimbo na filamu kwenye flashi na memori kadi za watu, aliniandikia akauliza: "Shekhe, mimi siibi duka la mtu. Filamu nimeikuta mtandaoni, naiweka kwenye kadi ya mteja, ananipa mia tano. Je, hiyo ni haramu?"

Nimemjibu, na namjibu tena hapa ili wengine wasome.

Kijana wangu, jasho lako la kukaa juani na kompyuta yako tunaliona. Lakini mteja hakukupa mia tano kwa sababu ya kompyuta. Amekupa kwa sababu ya kile kilichomo ndani ya kadi. Amefuata kicheko cha mtu fulani aliyekesha, aliyelipia gari, kamera, taa na chakula cha watu 20. Wewe umeuza kicheko chake na yeye hajui hata kwamba upo.

Na hili si wazo langu tu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait mwezi Desemba mwaka 1988, likapitisha azimio kwamba haki ya mtunzi juu ya kitabu chake, ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na ya mfanyabiashara juu ya jina la biashara yake ni haki zinazotambuliwa na sharia, zina thamani ya mali, na haifai kuzivuka. Serikali yetu nayo ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo dini imekataza na nchi imekataza.

Mwaka 2012, tarehe 26 Novemba, kijana aliyekuwa akiigiza sana na Mzee Majuto, Hussein Mkiety, yule mliyemwita Sharo Milionea, alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza. Magazeti yaliandika kwamba waliofika mwanzo eneo la ajali walimwibia, hadi nguo mwilini. Nchi nzima ilikasirika. Kila mtu alisema, huu ni unyama gani, kumwibia maiti!

Ni kweli ni unyama. Lakini wangapi kati ya waliokasirika walikuwa na filamu zake za wizi majumbani mwao siku hiyo hiyo? Yule wa barabarani alichukua simu na nguo za maiti. Mwingine alichukua mapato yake miaka yote alipokuwa hai. Tulimwona mmoja kwa sababu mikono yake ilionekana.

WATAKAOPINGA WATASEMA MAMBO MAWILI

Jambo la kwanza watasema: "Shekhe, leo unatetea waigizaji? Si kazi ya upuuzi ile?"

Sikuja kutoa fatwa kwamba kila kilichomo kwenye filamu ni halali. Yapo mengi ndani yake ya kukemewa, na Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya mtu anayesema uongo ili watu wacheke. Pia imepokewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitania na maswahaba zake, ila katika utani wake hakusema ila la kweli. Anayetaka kuingia katika kazi hiyo akae na wanazuoni wamweleze mipaka.

Lakini angalieni hoja hii inavyotumika. Mtu anacheka na familia yake jioni nzima, machozi yanamtoka kwa kicheko. Ikifika zamu ya kulipa, ndipo anakumbuka kwamba kazi ile ni upuuzi. Kama ni upuuzi, ungeacha kuitazama. Ukishaitazama na kuiuza, hesabu ya kazi yake iko baina yake na Mola wake, na hesabu ya deni iko baina yako na yeye. Usilipe deni lako kwa dhambi ya mwenzako.

Jambo la pili watasema: "Mbona walitia saini wenyewe? Hakuna aliyelazimishwa."

Hapa niwaeleze kwanza namna mambo yalivyokuwa yakiendeshwa, kwa wasiojua. Msanii alikuwa anamaliza filamu yake, anaipeleka kwa msambazaji. Anapewa fedha kwa mkupuo mmoja, anaweka saini, anaondoka. Kuanzia hapo filamu si yake tena. Ikiuzwa nakala elfu moja au laki moja, yeye amekwisha maliza. Ikirushwa kwenye televisheni miaka kumi baadaye, hapati kitu. Hata leo vipande vya marehemu wengi vinazunguka mtandaoni na matangazo ya biashara juu yake, na watoto wa marehemu wanavitazama kwenye simu kama watu wengine.

Ni kweli alitia saini. Lakini Uislamu haukusema saini inatosha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana madeni. Ndani yake Allah anaamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, anayedaiwa ndiye aseme yaandikwe, wawepo mashahidi, watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Na akiwa mmoja ni mnyonge au hawezi kujieleza, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Angalieni rehema hiyo. Yule asiyeweza kusoma karatasi amewekewa ulinzi ndani ya aya yenyewe, na mwenye nguvu amekatazwa kuutumia unyonge wake.

Na tuna mfano wa Nabii Musa (a.s.). Alipofika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu, aliwanyweshea wanyama wasichana wawili bila kudai malipo, akaenda kukaa kivulini. Mzee wao hakusema, huyu kajitolea mwenyewe. Alimtuma binti amwite ili alipwe. Kisha wakafanya mkataba. Muda ukatajwa wazi: miaka minane, na kama Musa akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Mzee akaahidi kutomtia mashakani. Allah akafanywa shahidi wa maneno yao. Mkimbizi asiye na ndugu wala wakili, na bado alipewa mkataba ulio wazi kuliko anaopewa msanii maarufu wa nchi huru.

WALE WATATU WA PANGONI

Wengi mnaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu watatu waliojificha pangoni, jiwe likaporomoka likaziba mlango. Kila mmoja akaomba kwa amali yake njema kuliko zote. Leo tumtazame yule wa tatu.

Yeye aliajiri vibarua, akawalipa wote isipokuwa mmoja aliyeondoka akaacha ujira wake. Huyu bwana hakuutia mfukoni. Aliufanyia kazi, ukakua, ukazaa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Baada ya muda mrefu kibarua akarudi kudai kidogo chake. Akaambiwa: hawa wote unaowaona ni ujira wako. Kibarua akadhani anafanyiwa mzaha. Akachukua wote, hakuacha hata mmoja. Na bwana yule akaomba kwa amali hiyo, jiwe likaondoka.

Ndugu zangu, huyu bwana hakuwa na mkataba unaomlazimisha kutoa ng'ombe. Angempa kibarua ujira wake wa siku ile na angekuwa amemaliza. Lakini alijua kwamba mali ile ilikua kutokana na jasho la mwingine. Linganisheni na yule anayechukua kazi ya mtu, kazi inazaa mwaka hadi mwaka, na mwenye jasho akirudi anaambiwa ulishalipwa.

SASA TURUDI HUKU ITAKA

Pengine mpaka hapa unasema moyoni, mimi si msambazaji wa filamu wala mwenye kampuni ya matangazo. Umesalimika. Subiri.

Msimu wa kahawa ukifika, vibarua wanaingia mashambani alfajiri, kina mama wengi wakiwa na watoto mgongoni. Wanalipwa kwa debe. Yupo mwenye shamba anayepokea kahawa kwa debe lililojazwa mpaka linamwagika, akalihesabu ni debe moja. Yupo anayesema njoo Ijumaa, Ijumaa anasema nikishauza, akishauza anasema chama hakijalipa, chama kikilipa hapokei simu. Mama yule anarudi mara nne kudai fedha ya siku moja.

Kisha inafika Ramadhani. Bwana yule yule anamwita mama yule yule mbele za watu, anampa kilo mbili za sukari na mchele kidogo. Watu wanasema mashallah, mzee ana moyo. Mama anapokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, maana afanye nini?

Huyo bwana amefanya kwa mama mmoja kile ambacho nchi ilifanya kwa Mzee Majuto. Amezuia haki, akatoa sadaka. Sukari ile ni ya mama mwenyewe, na bado haijatimia.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mdai wao siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyeajiri mfanyakazi, akaipata kazi yote kamili, asimpe ujira wake. Siku hiyo mama wa kahawa hatahitaji wakili, na mchekeshaji hatahitaji kamati.

TUFANYE NINI

Kwanza, lipa siku ile ile. Kama huna fedha, usiite vibarua, au waambie kabla hawajaanza kazi kwamba malipo ni tarehe fulani, wakubali au wakatae.

Pili, andikeni. Hata kazi ya kujenga choo, hata ya kulima nusu ekari. Karatasi moja ya daftari, kiasi, muda, majina, mashahidi wawili. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, si na mtu wako.

Tatu, vijana wetu wenye vipaji, na nawaona mnavyorekodi vichekesho kwa simu. Jueni kwanza mipaka ya dini yenu. Kisha msitie saini kitu msichokielewa, hata kama fedha iko mezani na wenzenu wanawaharakisha. Ulizeni: nauza kazi hii moja kwa moja, au kwa muda? Ikirushwa tena napata nini? Nikifa watoto wangu watapata nini? Sajilini kazi zenu COSOTA. Kuuliza si kukosa adabu.

Nne, anayejua ana haki ya mtu shingoni mwake airudishe. Akiwa hai, mfuate. Akiwa amefariki, wapo warithi wake. Ikiwa huwajui kabisa na huna njia ya kuwapata, toa kiasi hicho kwa niaba ya mwenyewe, thawabu ziwe zake na si zako, na utubu kwa Allah.

Tano, ukimtembelea mgonjwa aliyewahi kukufanyia kazi, fundi, dereva, mwalimu wa madrasa wa watoto wako, kabla hujatoa bahasha ya pole, kumbuka kama kuna kitu anakudai. Toa hicho kwanza, na ukitaje kwa jina lake: hili ni deni lako. Kisha pole yako uitoe mbali. Mgonjwa atafurahi kwa vyote viwili, lakini cha kwanza kitamrudishia heshima yake.

Mzee Majuto alifanya kazi karibu miaka 60, na kila nyumba ilichukua kitu kutoka kwake. Tumwombee dua, ni haki ya Mwislamu kwa ndugu yake Mwislamu. Lakini dua yetu isiwe njia ya kukwepa somo aliloliacha, kwa sababu wenye kudai kama yeye bado wapo hai, na wengine wanaishi nyumba ya tatu kutoka kwako.

Ewe Mola wetu, msamehe Amri Athumani, msamehe Hussein Mkiety, na Waislamu wote waliotangulia, wayapanulie makaburi yao. Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako. Usitutoe duniani na jasho la mtu shingoni mwetu. Aamin.

Wallahu aalam. Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako, hasa mwenye vibarua msimu huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.